Ongeza sauti hapo: mwanamke wa kona kwenye wimbo wa kwanza wa Loretta Lynn

Kuna nyimbo mbili za kantri zilizovuma mwaka 1960 ambazo nikizipiga moja baada ya nyingine naona kabisa watu wawili wamekaa kwenye baa moja, meza za mbali mbali, na hakuna anayejua habari za mwenzake. Wa kwanza ni Jim Reeves, na huyu sina haja ya kumtambulisha maana kama ulikulia Kenya kwenye nyumba yenye redio basi sauti yake uliijua kabla hujajua jina lake. Kwenye "He'll Have to Go" jamaa kashika simu, anambembeleza mpenzi wake asogeze mdomo karibu wajifanye wako pamoja wawili tu, halafu anamwambia nitamwambia huyu bwana apunguze jukboksi, ile mashine ya kutia sarafu ikakuchezea santuri. Wimbo huo ulikaa namba moja kwenye chati ya kantri ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, wiki 14.

Wa pili ni Loretta Lynn, wakati huo nje ya vilabu vya kwao hakuna aliyemjua kama mwimbaji, na wimbo ni "I'm a Honky Tonk Girl", wa kwanza kabisa kuutoa maishani mwake. Yeye pia yuko baa. Yeye pia ana neno la kusema kuhusu jukboksi. Ila anataka iongezwe, iende juu kabisa, na glasi ijazwe tena wakati analia.

Sasa hapo ndo pananishika. Mwanaume anapunguza sauti kwa sababu kuna mtu upande wa pili wa waya anayeweza kumsikia, hata kama huyo mtu yuko na mwanaume mwingine, na kwenye wimbo ni kweli yuko naye, bado simu imepokelewa na maneno yanaingia sikioni. Mwanamke hana wa kumpigia. Muziki ukipungua kitakachobaki kusikika ni kwikwi zake mwenyewe na meza ya jirani itageuka kuangalia. Sisemi Loretta alikuwa anamjibu Reeves, nyimbo zimegongana tu kwenye kalenda, lakini mtu akiniuliza mapenzi yaliyosalitiwa na mapenzi yaliyopuuzwa yanatofautiana vipi, nampigia hizo mbili nakaa kimya.

Kusalitiwa bwana kuna hadhi yake. Kuna mshtakiwa, kuna ushahidi, kuna marafiki wa kuja kukaa na wewe sebuleni wakamtukana huyo mwanaume mpaka chai ikapoa. Kupuuzwa hakuna kesi. Ulipenda, ukapika, ukafua, ukangoja, halafu siku moja mtu akaondoka kama anayetoka kwenye chumba ambacho hakukuwa na mtu, na ukienda kushtaki utaulizwa kwani alikufanyia nini.

Turudi nyuma kidogo. Hadithi ya huu wimbo kawaida husimuliwa kama hadithi ya gita na gari. Loretta alizaliwa 1932 Butcher Hollow, Kentucky, mtoto wa pili kati ya wanane, babake Ted Webb mchimba makaa ya mawe. Akaolewa Januari 1948 na Oliver Lynn, ambaye watu walimwita Doo, na kwa miaka mingi dunia nzima iliambiwa bibi harusi alikuwa na miaka 13 mpaka mwaka 2012 waandishi wa habari wakachomoa vyeti wakakuta alikuwa na 15, kitu ambacho kwangu hakipunguzi chochote, 15 nayo ni mtoto. Wakahamia Custer, jimbo la Washington, kule juu karibu na mpaka wa Kanada, zaidi ya kilomita 3,000 kutoka kwa mamake, na kabla hajafika miaka 21 alikuwa ameshazaa wanne. Doo alimsikia akiimba akiwa kwenye kazi za nyumbani, akamnunulia gita la Harmony la dola 17, akamwambia jifunze. Akajifunza. Wakaanza kupiga kwenye vilabu vya kule, akajitokeza kwenye shoo ya televisheni ya mwimbaji Buck Owens pale Tacoma, tajiri mmoja wa mbao kutoka Vancouver anaitwa Norm Burley akamwona, akatoa pesa, kampuni ndogo ya santuri ya Zero Records ikampeleka Hollywood kurekodi.

Halafu inakuja sehemu ya gari ambayo ndo kila mtu anaipenda. Kampuni haikuwa na uwezo wa kusambaza, kwa hiyo mke na mume wenyewe wakawa wanapakia santuri kwenye bahasha na kutuma kwa stesheni za redio, maelfu, kisha wakaingia kwenye gari na kuanza kuzunguka stesheni moja moja wakielekea Nashville, wanalala humo humo, chakula ni mkate na soseji, na Loretta ana gauni moja la maana ambalo anavaa akiwa kiti cha nyuma wakikaribia mnara wa redio, anaingia anamsalimia mtangazaji, anatoka analivua analikunja. Wimbo ukapanda mpaka namba 14 kwenye chati ya kantri. Mwaka huo huo kasimama Grand Ole Opry, ile shoo kubwa ya redio ya kantri kule Nashville. Santuri ya kampuni isiyojulikana, mama wa watoto wanne asiyejulikana, namba 14, hiyo si mchezo hata leo.

Mimi sina ugomvi na hii hadithi, ni tamu na ni ya kweli na nimeshawasimulia watu zaidi ya mara moja nikiongeza chumvi pale kwenye gauni. Shida yangu ni kwamba inamruka mtu. Inaongea juu ya gita, mume, tajiri wa mbao, gari, na yule ambaye wimbo unamhusu anabaki nje ya mlango.

Kwa sababu yupo mtu. Loretta mwenyewe alisimulia kwamba kule Washington alipokuwa anaimba baa kulikuwa na mwanamke anayekuja, anakaa pale pale, anakunywa bia yake analia, mumewe kamwacha. Basi. Hakuwa rafiki wa utotoni wala ndugu, mteja tu. Na hebu fikiria hesabu ya mle ndani. Wanaume wanacheza dansi, mhudumu anapita na trei, bendi iko jukwaani inapiga, na kati ya watu wote waliokuwa na nafasi ya kumwona huyo mama, aliyemwona ni mke wa mtu aliyekuwa jukwaani kwa woga, ambaye kwa maelezo yake mwenyewe alikuwa na haya kiasi cha kutoweza kuinua macho mbele ya watu. Labda ndo sababu. Mtu asiyeweza kuangalia katikati ya ukumbi anaangalia kona.

Na alipomwona angeweza kufanya kile ambacho watunzi wengi walifanya, yaani kumwimba huyo mama kama picha, tazameni yule masikini, tazameni pombe imemfikisha wapi, na mwisho kaonyo kadogo kwa mabinti. Hakufanya hivyo. Alichukua nafsi ya kwanza. Anaimba mimi. Kwa Kiswahili hii kitu inaonekana haraka kwa sababu nafsi tunaibandika kwenye kitenzi chenyewe, "amelewa" na "nimelewa" zimetofautiana silabi moja tu lakini ya kwanza ni umbea na ya pili ni ungamo. Binti wa miaka 27 hivi, ana mume nyumbani, hana historia ya kukaa baa kama mteja, anaingia kwenye mwili wa mwanamke ambaye kila mtu mle ndani keshamhukumu, anasema huyu ni mimi, mimi ndo msichana wa honky tonk. Na honky tonk kama hujui ni baa za bei poa, za wafanyakazi, sakafu ya mbao, bia na dansi na ngumi mara moja moja, si mahali mama wa watoto alitakiwa ajulikane kwa jina.

Halafu hilo neno msichana. Aliyekaa pale analia ni mwanamke aliyeolewa akaachwa, si msichana hata kidogo, lakini baa ina tabia ya kukushusha umri. Hata kwetu, ingia baa yoyote usikie mtu mzima anaita mama wa watoto wanne "sista" au "msichana" kwa sababu tu kasimama upande ule wa kaunta au kakaa peke yake. Mke alikuwa mke wa fulani, akiachwa hata cheo cha utu uzima kinaondoka. Kwenye wimbo hicho cheo kipya anajipa mwenyewe kabla hujampa wewe.

Kuna wanaosema hapa hakuna jipya, Kitty Wells alishafungua hilo geti mwaka 1952 na "It Wasn't God Who Made Honky Tonk Angels". Ni kweli aliufungua, na ulikuwa wimbo wa kwanza wa mwanamke peke yake kufika namba moja kwenye chati ya kantri ya Billboard, na mtandao wa redio wa NBC uliupiga marufuku, na Loretta alimpenda Kitty mpaka kwenye rekodi hii unamsikia anavuta maneno kama yeye, ukiniambia ni kuiga sitabisha sana. Lakini sikiliza kinachofanyika. Wimbo wa Kitty ni utetezi. Uliandikwa kujibu wimbo wa Hank Thompson uliolaumu wanawake wa baa, na unajibu kama wakili, kwamba wanawake wakipotea nyuma yao mara nyingi kuna mwanaume aliyewapoteza. Una hoja. Wa Loretta hauna hoja. Hakuna anapomwambia jaji lolote. Anasema nilipoteza kila kitu, tangu uniache sifanyi lolote ila makosa, jaza glasi, ongeza muziki. Mtu anayejitetea anaamini kuna mtu wa kumsikiliza, na huyu ameshatoka huko.

Kingine kinachonifurahisha, na hapa nitawaudhi wapenzi wa maneno, ni kwamba maneno yenyewe ya wimbo ni ya kawaida sana. Machozi, glasi, jukboksi, kuachwa, hivyo ni vitu vya duka la jumla, kantri ya miaka ile ilikuwa imejaa. Ukiuandika kwenye karatasi bila muziki hautaruka. Kinachoubeba ni mwendo wake, kwa sababu si wimbo wa polepole, mara ya kwanza kuusikia nilidhani ni wa kucheza, na kwa kweli unachezeka, ngoma inatembea, na stili gita ya Speedy West, lile gita linalolazwa na kuvutwa kwa kipande cha chuma mpaka likalia kama mtu, inaruka ruka pembeni kama haijaambiwa kuna msiba. Unaweza kusema ni kosa la studio. Mimi naona ndo ukweli wa baa wenyewe, muziki wa baa haukusubiri wewe umalize kulia, unaendelea na furaha yake na wewe unalia ndani yake, na hapo ndo unaelewa kwa nini anaomba uongezwe. Wangeupiga taratibu na vinanda vya kuhuzunisha ungekuwa wimbo mzuri wa kumwonea mtu huruma. Hivi ulivyo hakuna nafasi ya huruma, mguu wako tayari unagonga sakafu, na wewe ni mmoja wa wale wanaocheza wakati yeye analia.

Loretta tunayempenda wengi ni wa baadaye, na huyo kwa lugha yetu ni malkia wa mipasho, hakuna neno lingine. "You Ain't Woman Enough" ya 1966 anamwambia mwanamke mwenzake huyu mume huwezi kumchukua. "Don't Come Home A-Drinkin'" ikawa namba moja yake ya kwanza mwaka 1967, anamfungia mlango mlevi wake. "Fist City" ya 1968 ndo kabisa, anaahidi ngumi. Taarab yoyote ya Tandale au Mombasa ingempokea, ungemletea tu kiti mbele na noti za kutunza. Na 1975 "The Pill", mke anashukuru vidonge vya uzazi wa mpango, stesheni kibao zikakataa kuupiga. Hizo zote zina anayeambiwa. Mpasho bila mlengwa haupo, lazima kuwe na fulani pale mbele anajifanya hasikii.

Ndo maana wachambuzi wengi huanza kumhesabia Loretta kuanzia hapo katikati ya sitini na huu wa kwanza wanauweka kama zoezi, kama mtu alikuwa anajaribu gauni la Kitty Wells. Sikubaliani. Huwezi kupata yule wa ngumi bila kwanza kupita kwa huyu wa kona, kwa sababu kitu alichojifunza hapa, kwamba mwanamke ambaye hakuna anayemwangalia anaweza kusema "mimi" kwenye redio na redio ikapiga, ndo mtaji wote wa baadaye. Miaka sita mbele huyo huyo wa kona amesimama, kafuta machozi, kaanza kutaja majina. Tofauti ni kwamba mwaka 1960 bado hana mtu wa kumtajia.

Na kuna kejeli nyingine ndani ya nyumba yenyewe. Doo ndiye aliyeisikia ile sauti kabla ya mtu yeyote, akanunua gita, akambeba kwa gari stesheni hadi stesheni, bila yeye hakuna Loretta, Loretta mwenyewe alisema hivyo mpaka mwisho. Doo huyo huyo alikunywa na akatembea na wanawake wengine, na hilo pia Loretta alilisema wazi, hakulificha, na akasema nyimbo zake karibu zote yeye yumo. Walikaa pamoja mpaka Doo alipofariki 1996. Kwa hiyo nikisikiliza ile rekodi ya kwanza nawaza, huyu mama alikuwa anaimba habari za mteja wa baa au alikuwa anaazima machozi ya jirani ili alie ya kwake bila mume kuuliza? Mumewe alikuwa naye barabarani, akiuza huo wimbo kwa bidii zote, unaohusu mwanamke ambaye mwanaume wake hakumthamini. Mtu anaweza kuiona sauti yako miaka yote na wewe mwenyewe akakupita.

Upande wa pili wa santuri kuna "Whispering Sea", ambao alisema ndio wimbo wa kwanza kabisa kuutunga, na watu hawauongelei, ni mtulivu, bahari inanong'ona habari za mpenzi wa zamani. Nautaja kwa sababu moja. Kwenye ule upande mtu anasemeshwa na bahari, kuna kitu kinamnong'oneza. Geuza upande, hata bahari haipo.

Sasa niseme kwa nini nimekomaa na huu wimbo. Nikiwa nimemaliza fomu four, kabla ya kujiunga na chuo, nilikaa karibu mwaka namsaidia mjomba kwenye baa yake ndogo upande wa Nakuru. Kaunta ya grili za chuma, kreti za soda zimepangwa ukutani, redio kubwa ya kasha juu ya friji na CD za kantri ambazo mjomba alizitunza kuliko leseni. Kazi yangu ilikuwa kuuliza moto au baridi, kufungua, kurudisha chenji kupitia katundu ka grili, na kubadilisha muziki. Kulikuwa na mama mmoja alikuwa anakuja mwisho wa mwezi na mara nyingine katikati, anakaa meza ya mwisho karibu na mlango wa choo, sweta ya kijani, mkoba anauweka magotini haushushi, Tusker moja moto anaikalia masaa. Wateja walikuwa na jina la kumwita ambalo sitaliandika. Niliambiwa mumewe yuko hapo hapo mjini, anapita na mwingine mchana kweupe. Hiyo ndo habari yote iliyokuwepo na nilipewa na muuza mayai, si yeye.

Alikuwa na wimbo mmoja anaoomba. Hakuwa anautaja jina, alikuwa anasema "kijana, ile ya simu". Ilikuwa Jim Reeves. Basi naweka, na kila mara, kila mara, akishasikia zile nota za mwanzo anainua mkono kidogo kutoka kwenye mkoba na kuniambia ongeza hapo. Yaani ule wimbo ambao mwanaume anaahidi kupunguza jukboksi, yeye anataka uongezwe. Wakati huo Loretta nilikuwa namjua kwa jina tu, sikuona cha ajabu, niliona mama kalewa na hajui Kiingereza. Miaka mingi baadaye niliposikia "I'm a Honky Tonk Girl" kwenye simu nikiwa ndani ya matatu, kufika pale anapoomba sauti ipande, niliona sweta ya kijani, sikuona Kentucky.

Jioni moja ilikuwa na mechi, watu wamejaa mpaka mlangoni, tivii imewekwa juu ya kreti. Mama akaja akakaa pale pale. Akangoja mapumziko, akaomba ile ya simu, nikaweka, akainua mkono, nikaongeza. Kipindi cha pili kikaanza wimbo haujaisha, wakaanza kupiga meza, mjomba akaniangalia kutoka mlangoni akafanya ishara ya kuzungusha kitufe kwa vidole viwili.

Nikapunguza.